Miguu Haina Haya

Punje zote za choroko zilirundikana upande mmoja.

Vumilia alikuwa amechora miviringo mitatu ya majivu kwenye uwanja wa ghala la pamba: mmoja wa huduma nzuri, mmoja wa wastani, mmoja wa mbaya. Kila mtu mzima wa kijiji cha Mwabulolo alipewa punje yake aiweke pale roho yake inapomtuma. Swali lilikuwa jepesi, hata mtoto angelijibu: maji ya kisima cha pampu yakoje? Wakapita mmoja mmoja, kina baba kwanza, kina mama baadaye, wakainama, wakaweka, wakarudi kuketi. Walipokwisha, mviringo wa wastani ulikuwa mtupu. Kwenye ule wa mbaya kuku alikuwa akijitifulia majivu bila kusumbuliwa na mtu. Na kwenye ule wa nzuri kulikuwa na kichuguu cha choroko cha kutosha kulisha msiba.

Dada Zuhura, afisa takwimu aliyetoka wilayani kusimamia zoezi, alikipiga picha kichuguu kile kwa simu yake. "Mashaallah," alisema, akirekebisha ushungi. "Nimezunguka vijiji vingi, sijaona watu walioridhika namna hii."

Vumilia alisimama kando na kikapu kitupu mkononi. Ndani ya kucha zake bado mlikuwa na mchanga. Alfajiri ile ile yeye na dada yake Esta walikuwa wamepiga magoti katika mto mkavu, wakichimba kwa sahani ya bati mpaka maji yakaanza kujichuja chini ya shimo, wakayachota kikombe kwa kikombe huku ng'ombe wa watu wakisubiri zamu yao pembeni, wakikojoa walipojisikia. Na hawakuwa peke yao. Kina mama wengi waliokaa pale uwanjani, kanga zimefunika magoti, walikuwa mtoni pamoja nao, na kila mmoja alikuwa ameweka punje yake kwenye nzuri.

Alifungua mdomo aseme. Sauti haikuja. Tangu utotoni sauti ya Vumilia ilitosha kuita vifaranga, haikutosha kuita watu, na chuo cha maendeleo ya jamii kilimpa cheti lakini hakikumwongezea sauti. Zuhura akapanda gari, vumbi likatimka, na kadi ya kijiji ya kupima huduma ikaenda wilayani na alama ya juu kabisa.

Usiwaite waongo watu wa Mwabulolo. Uongo ule waliusema kwa wema. Kisima kile kiliitwa kisima cha Mama Aneth, kwa sababu ndiye aliyepiga hodi ofisi hadi ofisi, mwaka baada ya mwaka, mpaka pampu ikaletwa. Mumewe, Mzee Sostenes, akamega kipande cha shamba lake kichimbwe hapo. Mwanzoni maji yalikuwa matamu. Kisha yakaanza kuingia chumvi, na kila kiangazi chumvi ikazidi, mpaka maharage yakawa hayaivi, sabuni haitoi povu, na chai ya maziwa inakatika sufuriani. Lakini Mama Aneth alikuwa angali anafagia kuzunguka pampu kila asubuhi na kupaka grisi mnyororo wake. Nani angemwambia? Kina mama wakaanza kupita njia ya nyuma kwenda mtoni, madumu wameyafunika kwa kanga kama wanaobeba watoto wagonjwa. Halafu mvua za mwisho zilipokatika, Mama Aneth akafariki. Siku ya zoezi la choroko Mzee Sostenes alikaa mstari wa mbele, kichwa kimenyolewa kwa msiba, kofia mkononi. Kuweka punje kwenye mbaya mbele ya macho yake kulikuwa sawa na kurusha jiwe juu ya kaburi bichi.

Basi wakamfariji kwa choroko.

Malipo ya faraja hiyo yalikuja mwanzoni mwa mwezi wa saba. Mtendaji wa kijiji, Bwana Wiliam, alimwita Vumilia ofisini, akamvutia kiti, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Lile bomba kubwa la maji ya ziwa, linalopita kule barabara ya Tinde," alisema. "Litatolewa tawi. Vijiji visivyo na maji salama vitaunganishwa."

"Na sisi?"

"Sisi hatumo. Wamesoma kadi yetu. Wanasema Mwabulolo wana maji mazuri kuliko hata wao wa wilayani."

"Lakini mtendaji, wewe mwenyewe unajua."

"Najua sana. Nyumbani kwangu tunakunywa ya mtoni kama nyinyi. Lakini nikiandika kwamba kadi si ya kweli, nitaulizwa, kadi ilikuwa ya nani? Ilikuwa yetu. Tulijipa alama wenyewe, jua likiwaka." Aliinua mabega. "Tawi lingine litakuja, Mungu akipenda na bajeti ikipenda. Tutakuwa na wajukuu."

Vumilia alirudi nyumbani akamkuta Esta ametoka zahanati tena. Mtoto wake Luka, ambaye hata kutembea bado, alikuwa amelala kwenye kanga, macho yameingia ndani, mdomo mkavu, hana hata nguvu ya kulia. Esta alikuwa akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, tone kwa tone, kama anayeotesha mche.

"Daktari anasema ni maji," Esta alisema bila kuinua macho. "Kila safari anasema ni maji, kana kwamba mimi sijui. Nachemsha, Vumi. Lakini huyu akitambaa anaifikia ndoo kabla yangu."

Vumilia aliketi, akaushika mguu wa mtoto, mdogo kama muhogo mchanga. Akaushika mpaka Luka akapitiwa na usingizi. Kisha akachukua simu, akaenda nyuma ya zizi mahali ambapo hakuna mtu wa kumsikia. Kwake yeye, kumpigia simu mtu wa ofisi ilikuwa kazi ya kujifunga kibwebwe. Akampigia Zuhura, akamweleza yote: choroko, marehemu, mchanga, Luka.

Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho. "Mdogo wangu, mbona hukusema siku ile?"

"Sauti ilinigomea, dada."

"Sasa sikiliza. Kadi ile si yangu wala si yako, siwezi kuifuta kwa simu. Kijiji chenyewe kikae upya, hadharani, mbele yangu. Kikao cha kupitisha orodha ni wiki ya baada ya Saba Saba. Jumanne kabla ya kikao naweza kuja. Lakini wakirudia yale yale, hapo mimi basi."

"Hawatarudia," Vumilia alisema, na alipokata simu akajiuliza ni nani aliyesema maneno yale.

Kesho yake akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alipokelewa vizuri kila mahali, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake. Alipewa kigoda, alipewa michembe ya viazi vikavu na karanga, aliulizwa habari za mama yake na za mtoto wa Esta. Akifika kwenye maji, mlango unafungwa kwa upole.

"Mwanangu, maji ni maji," alisema mama mmoja. "Ongeza karanga."

"Mimi nimseme marehemu?" alisema mwingine. "Nina watoto ndani ya nyumba hii."

"Huyo afisa mlete mtoni aone mwenyewe. Mimi mdomo huo sina."

Kwa mama wa nne Vumilia alijaribu njia nyingine. Akasema labda punje ziwekwe ndani ya chungu chenye mfuniko, mtu asione ya mwenzake. Yule mama alimtazama kama aliyeambiwa wakavunje duka.

"Kwa kificho? Kwani tunaiba? Sostenes akijua tumemzunguka hivyo, nitamwambia nini nikikutana naye njiani?"

Ikabaki nyumba moja, ile aliyokuwa akiiruka. Alimkuta Mzee Sostenes kwenye pampu, anafagia. Alikuwa anafagia kwa mkono mzito, kama mwanamume aliyeanza kushika ufagio uzeeni, lakini hakuacha hata jani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwangaluka, mwalimu wa choroko," mzee aliongeza salamu ya Kisukuma. "Karibu."

Akamkaribisha barazani, akamchotea maji mtungini kwa kikombe cha bati, akampa kwa mikono miwili. Vumilia alikunywa. Yalikuwa na ladha ya jivu na kutu, yakamkwaruza koo. Akayamaliza yote, kwa sababu mzee alikuwa akimtazama, na kwa sababu mtungi ule bila shaka ulikuwa wa Mama Aneth.

"Nikuongeze?"

Angeweza kusema asante, yametosha. Ndivyo kijiji kizima kilivyokuwa kimesema, na Luka alikuwa amelala kwenye kanga.

"Baba," alisema, akikitazama kikombe. "Yana chumvi."

Hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo pale barazani. Mzee Sostenes alikichukua kikombe, akachota, akanywa yeye, akakirudisha juu ya mtungi.

"Mimi nakunywa haya kila siku iliyoumbwa," alisema. "Ndiyo aliyoniachia. Wewe umekunywa kikombe kimoja unakuja kumhukumu?"

"Sijamhukumu, baba."

"Watu waliweka choroko zao mbele ya macho yangu. Walilazimishwa?"

"Hapana, baba."

"Basi."

Akarudi kwenye ufagio. Vumilia aliondoka, akafika kwenye mpaka wa uwanja, akasimama. Miguu yake ilitaka nyumbani. Akageuka.

"Jumanne tutakaa tena, baba. Nakuomba uje."

"Nitakosaje, wakati ni kisima changu kinakwenda kusemwa?"

"Hakitasemwa. Hakuna atakayekisema kwa neno hata moja. Nakuahidi."

Njia nzima alijilaumu. Alikuwa ameahidi mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja: kwa Zuhura, kwamba watu watasema kweli, kwa Mzee Sostenes, kwamba hakuna atakayefungua mdomo.

Jumapili ilikuwa siku ya ngoma. Mavuno yalikuwa ndani, pamba imepimwa, na watu walimiminika kwenye uwanja wa mnada. Mabula, mume wa Esta, alikuwa amerudi kwa ajili ya siku hiyo tu. Miezi mingine yote yeye ni mwanaapolo, mchimbaji wa mashimo madogo ya dhahabu kule karibu na Bulyanhulu, lakini ukifika msimu wa ngoma anayaacha mashimo anakuwa manju, kiongozi wa wachezaji na mtunzi wa nyimbo zao. Alikuwa amejipaka unga usoni, amefunga njuga miguuni, na kila alipopita alilia kama duka la vyuma.

"Shemeji, leo utaona," alimwambia Vumilia. "Yule mjomba wangu namzika mzimamzima."

Mjomba wake ndiye alikuwa manju wa kundi la upande wa pili. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, hili huku na lile kule, kila moja na ngoma zake na vituko vyake, na katikati wanasimama watazamaji. Hakuna mwamuzi, hakuna kupiga kura. Jua likikaribia kuzama watu wanatazama umati uko wapi, basi.

Mwanzoni umati ulikuwa kwa Mabula. Aliimba juu ya mwanaapolo aliyeota dhahabu akaamka ameshika jino lake mwenyewe, watu wakacheka. Kisha kule ng'ambo mjomba akatoa fisi. Fisi wa matambara, mwenye watu wawili ndani, aliyevaa tai, akaanza kuwaomba watu kadi za kliniki. Vumilia aliona mtu mmoja akisogea kuchungulia. Halafu wawili. Halafu uwanja mzima ukaanza kumwagika taratibu kuelekea kule, kama mtama unaotoka kwenye gunia lililotoboka, mpaka Mabula akabaki anawaimbia wapiga ngoma wake na mbuzi mmoja.

Jioni Mabula alikuwa amekaa chini, anajifungua njuga. Esta alimletea maji.

"Na wewe, Mama Luka," alisema. "Nimekuona. Ulikuwa mstari wa mbele kwa fisi."

"Mimi? Miguu ilikwenda yenyewe. Nilikuwa nakuangalia kwa mbali."

"Kwa mbali kweli. Nilidhani umefika Tinde."

Vumilia alicheka, kisha akauliza, kwa sababu lilikuwa linamsumbua: "Shemeji, hukasiriki? Asubuhi wote walikuambia wewe ndiye bingwa. Walikula kwako."

"Nikasirike kwa nini? Kuna aliyenitukana?" Mabula alifuta unga usoni kwa shati. "Ukija ukaniambia, Mabula, unaimba vibaya, hapo tutagombana mpaka kwenye kaburi langu hutakuja. Lakini ukiondoka tu ukasimama kwa mwenzangu, nimeona, nimeelewa, mwakani natafuta fisi wangu. Mdomo una haya, shemeji. Miguu haina haya."

Vumilia aliacha kucheka. Alimtazama kwa muda mrefu hata Mabula akajipapasa uso kuona kama kuna kitu kimebaki.

"Jumanne," alisema, "utanipigia ngoma?"

Jumanne uwanja wa ghala ulijaa. Zuhura alikuja, akakaa na simu yake mapajani. Mtendaji Wiliam alikuja. Mzee Sostenes alikuja amevaa shati la kanisani, akaketi mbele pale pale alipokaa siku ile. Vumilia hakuleta choroko wala majivu. Upande mmoja wa uwanja aliweka ndoo ya maji ya pampu. Upande wa pili aliweka sahani ya bati iliyojaa mchanga wa mtoni. Mabula akapiga ngoma mara chache, watu wakanyamaza, na macho yote yakamgeukia Vumilia.

Akamtafuta Esta kwa macho, akamwona na Luka mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande kama ua lililokosa maji.

"Kila mmoja," alisema, na sauti ilikuwa ndogo, lakini uwanja ulikuwa kimya ikatosha, "asimame penye maji yaliyotumika nyumbani kwake leo asubuhi. Hakuna kusema neno. Kama kwenye ngoma."

Mabula akapiga.

Hakuna aliyeondoka. Kisha mzee mmoja akasema kwa sauti: "Mimi sijui yalitoka wapi. Mimi nimeyakuta kwenye kikombe."

"Basi mfuate mkeo," Mabula alimwambia huku akipiga. "Leo kina mama watangulie, nyinyi mliokuta kwenye kikombe mfuate."

Kicheko kikapita, na katika kicheko kile kina mama wakainuka. Wa kwanza alikwenda ametazama chini, kama anayepita tu. Alipofika kwenye sahani akasimama. Wakamfuata wawili, wakafuata jamaa zao, kisha uwanja ukamwagika. Waume wakawafuata wake zao wakisukumana na kutaniana. Kwa muda mfupi Vumilia aliona furaha kabisa, umati wote wa Mwabulolo umesimama kwenye mchanga, bila mtu kutamka lolote.

Halafu umati ukaona kile alichokiona yeye. Kwenye ndoo ya pampu alikuwa amesimama mtu mmoja, Mzee Sostenes, kofia mkononi. Hakuwa amekaidi. Alikuwa amekwenda mahali pake pa kweli, kwa kuwa ndiyo maji aliyokunywa asubuhi ile. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyefika harusini akakuta siku imepita.

Ngoma ilinyamaza. Mama mmoja akaguna, akafunga kanga yake vizuri, akaanza kutembea kurudi kwa mzee. Mwingine akamfuata. Vumilia alielewa mara moja: wanakwenda kumsindikiza. Hawatamwacha mfiwa peke yake mbele ya mgeni. Mtendaji Wiliam naye akachomoka. Akamwona hata Esta anasogea, Esta mwenyewe, na mtoto mgonjwa mgongoni, machozi yanamlengalenga. Zuhura aliitazama ile hali, akashusha simu.

Kitu kilichomuuma Vumilia kuliko vyote ni kwamba na yeye alitaka kwenda. Mwili wake wote ulitaka kwenda kusimama na yule mzee. Basi akaenda, kwa haraka, akawapita wote, akawa wa kwanza kumfikia mzee. Watu wakadhani na yeye ameshindwa. Lakini hakusimama ubavuni mwake. Alisimama mbele yake.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe umesimama penye kweli. Hawa wanaokuja, wanakuonea huruma. Waulize wewe. Mimi nikiwauliza nitalia."

Mzee Sostenes alimtazama. Vidole vyake vilizunguka ukingo wa kofia.

"Na siku ile ya choroko," aliuliza, "ilikuwa huruma?"

"Ndiyo, baba."

Mzee akainua uso, akamtazama Esta aliyekuwa amefika karibu.

"Mama Luka. Leo asubuhi umechota wapi?"

"Mtoni, baba."

"Na huku umefuata nini?"

"Nimekuja... kukusindikiza."

"Sijaaga kwamba nasafiri. Rudi ulikochota."

Esta akarudi. Mzee akamgeukia aliyefuata. "Na wewe, mtendaji?"

"Mimi, mzee, nilikuwa napita."

"Pita urudi."

Watu wakacheka, kicheko cha hofu kwanza, kisha cha kweli, na wote waliokuwa njiani wakarudi kwenye mchanga. Mzee Sostenes akasubiri watulie.

"Mmeanza lini?" aliuliza. "Kuchota mtoni."

Yule mama wa karanga akasema, akiwa ameshika kidevu: "Mwenzako akiwa hai, baba. Tulikuwa tunapita nyuma asituone. Tusamehe."

"Alikuwa anajua," alisema Mzee Sostenes.

Mgongoni mwa Esta, Luka akakohoa.

"Aliniambia, Baba Aneth, madumu hayaji tena kisimani. Nikamwambia watu wameshinda mashambani. Aliniambia chai inakatika. Nikamwambia ni maziwa ya yule ng'ombe." Akaivaa kofia, akaivua tena. "Na mimi nilikuwa namfariji. Mke wangu hakupiga hodi zile ofisi zote kwa ajili ya chuma. Alitaka maji. Binti," akamgeukia Zuhura, "andika. Maji ya kisima hiki yana chumvi. Mimi nabaki nimesimama hapa kwa sababu leo ndiyo niliyokunywa. Lakini andika."

Zuhura aliinuka. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa ghala, ili wote waingie kwenye picha: upande mmoja mzee na ndoo, upande wa pili kijiji. Akapiga. Kisha akamwendea Vumilia, akamshika mkono, akaubakisha mkononi mwake kidogo.

"Sauti haikukugomea leo," alisema.

"Ilikuwa ya kuazima, dada."

Wiki iliyofuata simu ililia Vumilia akiwa anapepeta mtama. Kijiji kimerudishwa kwenye orodha. Kimewekwa mwisho, Zuhura alisema, kwa sababu kilichelewa, lakini kimo, na wa mwisho naye anakunywa. Vumilia alikwenda kumwambia Esta kwanza, halafu kwa Mzee Sostenes.

Kabla ya mvua wakaja watu wenye vifaa vya kupimia, wakapiga vigingi vyenye rangi nyekundu kutoka barabara ya Tinde mpaka kwenye ghala. Bomba lenyewe bado. Kila mwisho wa mwezi Mabula akiwapo hupiga ngoma, asipokuwapo hupigwa bati, na watu husimama penye kweli mbele ya kila mtu: nani mwezi huu alipata dawa zahanati na nani alirudishwa, nani mwanawe alifika shule na nani alikwama. Vumilia hutuma picha wilayani. Na vigingi navyo huhesabiwa, kwa sababu mbuzi huving'oa, na kijiji kimekubaliana kwamba mwenye mbuzi atavipigilia tena mwenyewe, watu wakimwangalia.

Kisima cha Mama Aneth hakikufungwa. Mzee Sostenes alijenga hori la saruji kando yake, na sasa mbuzi na ng'ombe wanakunywa pale, wanyama hawana neno na chumvi. Mtoni wakapungua. Mzee bado anafagia.

Asubuhi moja, mchanga ukiwa bado baridi, Vumilia na Esta walikuwa wanachimba na wenzao, Luka ameketi ukingoni anakula udongo na kukanywa. Alikuwa amenenepa kidogo. Wakaona mtu anashuka ukingo wa mto kwa tahadhari, ndoo mkononi, akikanyaga kama anayeshuka ngazi za kanisa. Kina mama wakasimamisha sahani zao. Mwanamume wa Mwabulolo na ndoo ya maji ni jambo la kuitana majirani, lakini hakuna aliyecheka kwa sauti.

"Mwangaluka," alisema Mzee Sostenes.

"Shikamoo, baba," wakaitikia wote.

Akasimama, hajui aende wapi. Wawili watatu wakaanza kuinuka wampishe, wamchotee, wamrudishe nyumbani na ndoo imejaa. Vumilia akatikisa kichwa, wakakaa. Akachukua sahani ya bati, akampelekea.

"Foleni inaanzia kule, baba," alisema, "nyuma ya Mama Luka."

Mzee aliipokea sahani, akaigeuza, akaitazama chini yake kama anayekagua jembe dukani.

"Inachimba?"

"Inachimba."

Akaenda kwenye foleni, na zamu yake ilipofika akapiga goti moja, halafu la pili, akaanza kuchimba.